Gatundu bila Kusini wala Kaskazini, hiki kiti kilienda wapi?

mjukuu_wa_Kiganjo

Wadau habari za jioni. Naomba msaada kwa wale wanajua siasa za zamani za Kiambu. Wiki jana tulikuwa tunapanga vitu vya guka yetu (babu, alituacha mwaka jana), ndani ya sanduku la bati tukapata kadi yake ya KANU (chama kilichotawala zamani), ile ya jogoo, imekunjwa mara nne mpaka pale kwa mkunjo imetoboka, na kwa wino wa bluu mtu ameandika Gatundu. Basi. Si Gatundu Kusini, si Gatundu Kaskazini, Gatundu tu. Mimi nimezaliwa 1999 na tangu nipate akili ni Kusini na Kaskazini, binamu zangu wa Kamwangi wana mbunge wao na sisi tuna wetu.

Sasa swali. Hiki kiti cha Gatundu moja kilikuwepo kutoka lini mpaka lini, na kilikatwa kwa nini? Halafu kuna hii ya cucu (bibi yangu), anasema ati tangu uhuru walikaa miaka mingi sana bila kumpigia mbunge kura. Nilidhani ni uzee unaongea lakini ameshikilia hapo hapo, "tulikuwa na mbunge lakini hatukumchagua", nikimwuliza kwani nani alimchagua anacheka tu anaendelea kuchambua maharagwe.

---

Karani_Mstaafu

Pole kwa guka. Na cucu yako yuko sawa kabisa, mwombe msamaha.

Gatundu kama eneo bunge ilianza na uchaguzi wa Mei 1963, ule wa kuelekea Madaraka. Viti vya bunge la chini vilikuwa 117 nchi nzima na Gatundu ilikuwa moja ya vile vya wilaya ya Kiambu. Mbunge wa kwanza ni Jomo Kenyatta mwenyewe, na alipita bila kupingwa. Nani angemwendea kwao na makaratasi ya kugombea? 1969 akapita bila kupingwa, 1974 akapita bila kupingwa, akafa Agosti 22, 1978 akiwa bado ndiye mbunge wa Gatundu. Hesabu mwenyewe hapo. Mtu wa Kiganjo aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1963 alifika 36 kabla kiti cha kwao hakijabaki wazi.

Kitu vijana hawajui, katiba ya zamani ilitaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa, kiti chake mwenyewe kwa eneo lake. Ndio maana Moi alikuwa na Baringo Central mpaka anastaafu na Kibaki alikuwa na Othaya akiwa Ikulu. Hiyo iliisha na katiba ya 2010. Kwa hivyo Mzee alikuwa kwa kitabu kimoja rais wa jamhuri na kwa kingine mheshimiwa wa Gatundu, na kwa vyote viwili hapakuwa na mpinzani.

Alipofariki kiti kikaenda kwa Ngengi Muigai, mtoto wa ndugu yake James Muigai. Yaani jina la nyumba halikutoka.

---

Mzee_wa_Ndarugu

Karani umeongea vizuri lakini wacha niongeze ile ya kwa barabara maana vitabu haviandiki. Kenyatta hakupenda kulala Ikulu ya Nairobi, jioni alikuwa anarudi kwake Ichaweri, kwa hivyo sisi watoto wa hiyo njia tulijua saa bila saa, ukisikia pikipiki za polisi unajua ng'ombe wanafaa kuwa wameshafika nyumbani. Tulikuwa tunatupa kuni chini tunasimama kando ya lami tunapunga mikono, gari inapita vuuu, unaona flaiwiski tu (ule usinga wake) kwa dirisha, au unadhani umeiona, halafu mnabishana mpaka nyumbani nani ameiona. Mimi niliiona mara mbili, wallahi, ndugu yangu anasema ni mkono wa shati.

Sasa huyo ndiye alikuwa mbunge wetu. Mbunge mwingine ukiwa na shida ya daraja unamvizia Jumapili kanisani, huyu utamvizia wapi. Shida ilikuwa inapanda kwa chifu, inaenda kwa DO (ofisa wa tarafa), huko juu inapotea ama inarudi imetatuliwa, moja kati ya hizo. Lakini tusiwe na shukrani ya punda, hospitali tulipata, ile ya Gatundu iliyojengwa kwa harambee. Kila wilaya ilikuwa inaleta ujumbe na wachezaji ngoma kuja kumsalimia Mzee na hawakuja mikono mitupu. Nimeona wacheza ngoma wa kila kabila ya Kenya bila kutoka kwetu, tunakaa juu ya miti tunaangalia, mtihani wa jiografia ungekuwa ni mavazi ningepita wa kwanza.

Kuna mtu wa eneo bunge lingine anaweza kusema hivyo? Hakuna.

---

Ziwa_Kuu

@Mzee_wa_Ndarugu hadithi tamu sana lakini Gatundu hiyo hiyo huku kwetu Nyanza ina harufu ingine. Waziri Tom Mboya, mtu wa kwetu, alipouawa Julai 1969, miezi iliyofuata watu walibebwa na malori na mabasi usiku kwenda Gatundu kula kiapo, ati wanaenda "kunywa chai", kiapo cha kwamba uongozi hautavuka mto, yaani hautatoka kwa Wakikuyu. Oktoba ikafuata Kisumu na risasi, mwisho wa mwezi KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi Odinga, ikapigwa marufuku na yeye akafungiwa. Halafu Desemba ndio huo uchaguzi wa 1969 Karani anatuambia mbunge wa Gatundu alipita bila kupingwa. Kwanza ni chama gani kingempinga, kimoja tu ndicho kilibaki.

Sisemi kwa ubaya. Nasema tu hiyo "bila kupingwa" ilikuwa na mambo yake, haikuwa mapenzi peke yake.

---

Mzee_wa_Ndarugu

Ziwa Kuu sibishani na wewe. Baba yangu alikwenda hiyo chai. Hakutuambia kitu mpaka anazikwa, tulijua kwa sababu alirudi asubuhi na viatu vimejaa matope na hakukuwa kumenyesha kwetu.

---

Pini_ya_Thika

Wazee naomba kurekebisha kidogo, Gatundu iligawanywa 1988 sio? Mimi mjomba wangu alikuwa anasema waligawa wakati wa mlolongo (kura ya kupanga foleni).

---

Karani_Mstaafu

Hapana Pini. 1988 viti viliongezwa kutoka 158 mpaka 188 kweli, lakini Gatundu ilibaki moja. Hiyo 158 nayo ilitoka 1966, wakati Seneti ilivunjwa na maseneta 41 wakatafutiwa viti kwa bunge moja, 117 na 41 fanya hesabu. Gatundu ilikatwa kwa ukaguzi wa mipaka wa 1996, ile tume ya Chesoni, viti vikatoka 188 vikawa 210. Kwa hivyo uchaguzi wa mwisho wa Gatundu nzima ni Desemba 1992, na wa kwanza wa Kusini na Kaskazini ni Desemba 29, 1997. Kiti kiliishi kama miaka 34.

Hiyo ya mlolongo mjomba anachanganya kwa sababu 1988 ilikuwa mwaka wa kukumbukwa vibaya kila mahali. Mchujo wa KANU watu walipanga foleni nyuma ya picha ya mtu wao mchana kweupe, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 anahesabiwa ameshaingia bungeni bila kwenda kwa debe la siri. Hebu fikiria, watu wa Gatundu wametoka kwa miaka ya kutopiga kura, wakaonja debe 1979 na 1983, halafu wanaambiwa pigeni kura lakini kila mtu aone. Mimi nilikuwa nimesimama foleni yetu na mwenye kunikopesha mbegu alikuwa mwisho wa ile foleni ingine, ananiangalia tu. Hakusema kitu. Msimu uliofuata hakukuwa na mbegu.

---

Mkulima_Chania

Nijibu ile ya kwa nini kilikatwa, maana mimi ni wa juu huku na watu wa chini huwa wanasahau tuko.

Gatundu ya zamani ilikuwa mteremko mmoja mrefu. Huku juu karibu na msitu ni baridi, ni majani chai, ukishuka ni kahawa, ukishuka zaidi upande wa Mang'u na Thika ni mananasi na jua. Makao ya kila kitu yalikuwa Gatundu mjini, yaani kule kwenu mjukuu. Mtu wa Gituamba akitaka karatasi yoyote ya serikali ni kuvuka mabonde, na mabonde ya huku si ya mchezo, unaona nyumba ya shemeji yako ng'ambo unaweza kumwita kwa sauti lakini kufika kwake ni nusu siku. Mvua ikinyesha matatu inakuacha kwa kona unamalizia na miguu, viatu umebeba mkononi. Kwa hivyo ilipokatwa, Kaskazini ikachukua Gituamba, Githobokoni, Chania na Mang'u, Kusini ikabaki na Kiamwangi, Kiganjo, Ndarugu na Ngenda. Hizo ndizo wadi za siku hizi lakini mkato ni ule ule. Kituo chetu sasa ni Kamwangi.

Usichanganye Kamwangi na Kiamwangi lakini, kuna jamaa wa magazeti kila mwaka wa uchaguzi lazima achanganye.

Na faida tuliiona baadaye, 2003 sheria ya CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge) ilipokuja. Ilikuwa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali, na robo tatu yake inagawanywa sawa kwa kila eneo bunge bila kuangalia ukubwa. Kama tungekuwa bado Gatundu moja tungekula sahani moja watu wote hawa, sasa tuna sahani mbili. Sisemi zote zimejaa, nasema ni mbili. Ndio maana nikisikia mtu anataka turudishwe pamoja kwa sababu ya heshima ya jina, namwuliza heshima inajenga bweni?

---

Pini_ya_Thika

Sawa nimekubali ni 1997. Basi hapo ndipo utamu uko, maana mwaka wa kwanza tu Gatundu kukatwa, mtoto wa Mzee mwenyewe anaangushwa. Uhuru Kenyatta aligombea Gatundu Kusini 1997 kwa tiketi ya KANU ya Moi, na akashindwa na Moses Mwihia wa SDP, chama Charity Ngilu alichotumia kugombea urais. Kwa baba yake! Pale pale Ichaweri! Tayari 1992 upepo wa Ford Asili ya Matiba ulikuwa umepita Kiambu na Murang'a, jogoo akawa hawiki tena huko, kwa hivyo jina peke yake halingemwokoa.

Akapumzika, 2001 Mark Too akaachia kiti chake cha kuteuliwa, Moi akamteua Uhuru, akaingia bungeni kwa mlango huo. 2002 ndio akachukua Gatundu Kusini na kukaa nayo mpaka 2013.

---

Karani_Mstaafu

Na Pini umenikumbusha kitu nimekuwa nikikifikiria miaka. Baba pia aliingia kwa kiti cha kuachiwa. Kenyatta alipoachiliwa Agosti 1961 akarudi Gatundu kwa nyumba mpya, ile ya kwanza serikali ya mkoloni ilikuwa imeibomoa. Sheria ilikuwa inazuia mtu aliyefungwa zaidi ya miaka miwili kuwa mjumbe, ikabidi ibadilishwe kwanza. Halafu Januari 1962 Kariuki Njiiri akajiuzulu kiti chake cha Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, ili Mzee aingie Legco (bunge la wakati wa mkoloni). Kwa hivyo kabla ya kuwa mbunge wa Gatundu alikuwa mjumbe wa Murang'a! Miaka 39 baadaye mtoto naye anaachiwa kiti na mtu mwingine. Njiiri na Too, watu wawili waliosimama mtu akae, na ni wachache wanawataja.

Na ile tabia ya bila kupingwa haikufa na Gatundu ya zamani. 2014 mbunge wa Gatundu Kusini alifariki, uchaguzi mdogo ukaitishwa, na Moses Kuria akapita bila kupingwa. Niliposikia kwa redio nilicheka peke yangu.

---

Ziwa_Kuu

Hahaha. Hapo sasa cucu wa mjukuu ana haki ya kucheka maharagwe yote.

---

mjukuu_wa_Kiganjo

Asanteni sana, sikutarajia mtafika huku. Nimempigia cucu simu jioni hii nikamsomea mengine. Ya matope nimeruka, nitamwuliza nikienda, si ya simu. Nilipofika kwa Fort Hall akanikatiza, akasema hiyo anaijua, guka alikuwa na shamba la watu wake huko na wenzake wakamtania kwamba Mzee ni mbunge wa Murang'a.

Nikamwuliza sasa cucu, mwaka gani ndio ulimpigia mbunge kura mara ya kwanza? Akanyamaza kidogo. Akasema mwaka hakumbuki lakini siku anaikumbuka, alisimama kwa laini tangu asubuhi na mtoto mgongoni, mtoto akalia mpaka akalala, na alipotoka ndani karani akamwambia kumbe ni rahisi hivi mama. Huyo mtoto wa mgongoni ni baba yangu, na baba amezaliwa 1978.

Sasa tunabishana nyumbani kadi ya guka iwekwe kwa fremu ama irudishwe kwa sanduku. Cucu anasema sanduku.