Naombeni ushauri: Cape Town au Kigali kwa mtu kama mimi?

Mkisauni (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwanamume wa Mombasa, mhasibu, naishi Nairobi. Sina mke na sitakuwa naye, mwenye kuelewa ameelewa. Kampuni inafunga ofisi ya hapa na tumepewa kuchagua: Kigali au Cape Town. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi na usingizi umenikimbia.

Hapa nimechoka. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu, kile kinachoharamisha mapenzi ya jinsia moja, bado kipo, miaka 14 jela, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Kweli, Februari 2023 Mahakama ya Juu ilisema shirika la watu kama sisi lina haki ya kusajiliwa, lakini baada ya hukumu ile ndipo maneno ya ngazini yalipozidi. South B nilihama kwa sababu ya mdomo wa mlinzi wa geti.

Walioko Cape Town: mtaa gani mtu hukaa bila kuulizwaulizwa? Kodi, usafiri, misikiti, shule za msingi za karibu, usalama usiku? Matusi msinipe, nimeshayasikia yote.

Mzee wa Baraza
Mwanangu, sikutukani. Nakwambia tu Mungu haangalii anwani. Mimi nilikuwa mlevi wa kutupwa, mke akarudi kwao, nikahama Morogoro nikaenda Dodoma nikidhani mji ndio unaoninywesha. Nikalewa Dodoma vilevile. Siku niliyotubu nilikuwa palepale nilipo. Rudi nyumbani, wazee wakuombee.

Konda wa Mbagala
Mzee, kaulizia kodi ya nyumba wewe unamletea pombe za Dodoma 😂

Kigali bwana! Nimepeleka mzigo kule. Bodaboda anakupa helmeti wewe abiria, na usipovaa haondoki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mji mzima unafagia. Na wewe Mkenya unaingia kwa kitambulisho tu, pasipoti ya nini.

Bint Tanga
Konda, usafi wa barabara haumsaidii mtu akifungiwa mlango na mwenye nyumba. Tuseme ukweli: Rwanda haina sheria inayomfunga mtu kwa jambo hili, na ukitazama jirani zake hilo si dogo. Burundi waliweka kifungo mwaka 2009, Uganda wakaja na ile sheria ya Mei 2023. Lakini katiba ya Rwanda inatambua ndoa ya mume na mke peke yake, na watu wenu kule wanaishi kwa kunyamaza. Ukiweza kunyamaza maisha yako yote, Kigali nenda. Ila hicho ndicho unachokifanya Nairobi sasa hivi, sivyo?

Jirani wa Obz
Mkisauni, mimi niko Cape Town, Observatory, wenyewe wanapaita Obz. Nikujibu kwa mpangilio wangu.

Sheria: hakuna nchi Afrika inayoikaribia hii. Katiba ya 1996, kifungu cha 9, inakataza kumbagua mtu kwa sababu hiyo, na tangu Novemba 2006 watu wa jinsia moja wanafunga ndoa kisheria. Nimeshuhudia moja mwenyewe, karani akasoma maneno yake, akapiga muhuri, akaita wafuatao kama siku yoyote ya kazi.

Mtaa: De Waterkant na Green Point ndiko kwenye baa na bendera, Sea Point iko karibu, bahari mlangoni. Watu wanashikana mikono, hakuna anayegeuka. Lakini kodi za huko ni za wenye pesa, na mtu mweusi mgeni utaangaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Mimi mlinzi ameshaniuliza nampelekea nani chakula, nami nilikuwa nimebeba chakula changu mwenyewe. Obz kuna wanafunzi, Wakongo, Wazimbabwe, wasanii, kila mtu na lake. Nashauri huku, au Mowbray.

Ugeni: hili ndilo litakalokusumbua kuliko ushoga. Kwenye teksi, zile basi ndogo, utingo anapiga kelele "Mowbray-Kaap!", abiria wa pembeni anakupa nauli upitishe mbele na neno la Kixhosa. Ukijibu kwa Kiingereza uso unabadilika. Mara nyingi haiendi zaidi ya hapo. Lakini Mei 2008 waliuawa watu zaidi ya 60 kwenye fujo za kuwafukuza wageni, na siku hizi kuna kundi linalosimama kwenye malango ya kliniki, hasa upande wa Johannesburg, kuwazuia wageni wasitibiwe.

Misikiti: iko mingi, Bo-Kaap adhana inasikika mpaka mjini. Kuhusu kuswali ukiwa unajulikana, Imamu Muhsin Hendricks alifungua milango hapa Cape Town kwa watu kama wewe. Februari 2025 alipigwa risasi akauawa akiwa ndani ya gari, mji wa Gqeberha. Nilimsikiliza akihutubia zamani na bado inaniuma kuandika hivi. Usije ukidhani karatasi ya katiba ni ukuta.

Mama Zuwena
Mwanangu Mkisauni, mie ni mtu wa Likoni, hayo mengine nawaachia wenyewe. Nina swali moja. Mtu asiye na mke wala mtoto shule za msingi za karibu anazitakia nini?

Mkisauni
Nilitaja tu mama. Mitaa yenye shule huwa imetulia.

Mama Zuwena
Haya. Mie nimelea wanane, wanne si wa tumbo langu. Sema baba.

Mkisauni
Kuna mtoto. Ni wa marehemu dada yangu, ana miaka minane, niko naye tangu dada alipofariki. Baba yake yuko Muscat, anafanya kazi ya udereva, anatuma pesa inapopatikana. Bibi mzaa baba yuko Malindi na alimtaka yeye, ila mguu unamsumbua. Yote ni kwa mdomo, hatujaenda mahakamani. Kila jioni mimi ndiye natia sahihi kwenye daftari la shule, mahali pa mzazi.

Sikuandika mwanzo kwa sababu najua mngesema nini. "Mtu kama yule analea mtoto." Sitaki mtoto aingizwe humu.

Bint Tanga
Baba mtu anajua habari zako?

Mkisauni
Hajui. Bibi anahisi. Ndiyo maana nataka kuondoka kabla hajawa na hakika. Nitasema kweli yote basi: barua ya Cape Town nimeshatia sahihi, na nyumba ya Sea Point nimelipia dipoziti. Msione nimekurupuka. Wakenya tangu Januari 2023 tunaingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90, hesabu yangu mtoto aingie hivyo, mengine tutayamaliza tukiwa ndani. Kigali ni karibu mno, bibi anapanda basi anafika.

Mpelelezi Temeke
Wakuu mnalishwa chai humu. Post ya kwanza "naombeni ushauri nichague", sasa kashatia sahihi na nyumba kalipia. Kwanza hana familia, mara mtoto, mara shemeji Muscat, mara bibi na mguu. Kesho ataleta mapacha. Akaunti ina muda gani hii? Huyu anakusanya habari za mitaa wanakokaa watu, kisha watu wapigwe. Jirani wa Obz futa jina la mtaa wako.

Konda wa Mbagala
Mpelelezi, kwa mara ya kwanza mwaka huu umenena. Hata mimi hiyo Sea Point imenishtua, mhasibu gani anakaa Sea Point?

Mzee wa Baraza
Mimi nilisema tangu mwanzo.

Mkisauni
Mzee hukusema chochote kuhusu hili. Mpelelezi, nilisema sina mke. Sikusema sina familia, rudi usome. Sitaweka picha ya mtoto hapa ili uniamini. Ukiona ni chai, usinywe.

Jirani wa Obz
Mtaa wangu una maelfu ya watu, siufuti. Na tuseme ni uongo: yupo mwingine anayesoma huu uzi kimyakimya na kwake ni kweli. Namjibu huyo.

Dipoziti uliyolipa bila kuiona nyumba inanitisha. Wameniliza mimi hivyohivyo, picha nzuri za roshani, mwenye nyumba "yuko safarini", na nilipofika mlango ulifunguliwa na familia nyingine. Usiongeze hata randi moja mpaka mtu unayemwamini aingie ndani na kufungua bomba.

Mama Zuwena
Chai au si chai, mie naongea na mlezi. Siku 90 ni za kutembea, mtoto hasomi kwa siku 90. Pasipoti yake ataombewa na nani, wewe mjomba bila karatasi? Baba yu hai. Ukimvusha mtoto kinyemela, siku bibi akipiga ripoti hutaitwa mlezi, utaitwa mwizi wa mtoto. Hapo ndipo hayo mengine yako yatakapotolewa mbele ya hakimu na watu wasiokupenda. Nenda Mahakama ya Watoto uombe ulezi sasa, ungali kwenu, mwalimu wake na jirani waje waseme jinsi anavyokula na kulala.

Mkisauni
Mama, nikienda mahakamani si ndiyo wataanza kunichimba?

Bint Tanga
Watachimba kidogo ukiwa umekwenda na baba mtu upande wako. Watachimba sana ukiwa umekwenda kujitetea. Kazini omba utangulie peke yako, mtoto amalize mwaka hapo hapo. Shule za Afrika Kusini zinaanza Januari.

Jirani wa Obz
Na za serikali huku Western Cape maombi ya mwaka unaofuata hufanywa mapema, kama Machi na Aprili. Watadai cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na uthibitisho wa ulezi. Nimemsindikiza Mkongo mmoja hapa, tulirudishwa kwa kukosa chanjo tu.

Mkisauni
Muscat wametutangulia saa moja. Shemeji hutoka kazini saa mbili usiku za kwao. Nitampigia leo. Kuhusu mimi sitamwambia, msinilazimishe hilo. Nitamwambia habari ya kazi na shule. Barua ya idhini iandikweje, kwamba mtoto anakwenda kusoma, au kuishi?

Mama Zuwena
Kuishi na kusoma, kwa mjomba wake, na jina lako kamili. Aiapie ubalozini kulekule Muscat, siyo kwa WhatsApp. Na bibi wa Malindi umpigie kabla ya shemeji hajampigia.

Mpelelezi Temeke
Nasubiri mapacha.

Mkisauni
Simu inaita. Nitarudi.