Tupeane uzoefu: mtoto yuko la tatu na kusoma bado kunamshinda

Mama Wawili
Habari zenu wadau. Kijana wangu yuko la tatu shule ya serikali, mtaani ni mjanja balaa, mtume dukani na elfu kumi anarudi na chenji sawasawa na bei zote kichwani, ila mpe kitabu sasa. Hadithi za darasa la kwanza anazitiririsha kama maji, juzi nikafunika picha kwa kiganja nikamwambia anzia mstari wa tatu, kimyaaa. Kumbe siku zote anakariri na kuchungulia picha. Mwalimu simlaumu, darasa lina watoto zaidi ya mia atamuona saa ngapi. Mama mkwe anasema hata baba yake alichelewa nisubiri, jirani anasema nimhamishe English medium, na mwakani la nne kuna upimaji wa taifa. Waliopitia haya mlianzia wapi? Naomba uzoefu jamani, sio matusi.

Fundi Bomba
Macho kwanza dada. Wa kwangu akinakili ubaoni yanatoka madudu, daftari limejaa wino mwekundu "ongeza bidii". Siku moja tuko stendi namwambia niangalizie gari ya Mbagala, gari lipo pale maandishi makubwaaa, yeye anasubiri konda aite. Nikashtuka. Kliniki ya macho hospitali ya mkoa, akapimwa, akapewa miwani, mwalimu akamhamishia dawati la mbele. Sikudanganyi kwamba sasa anaongoza, yupo katikati hukohuko, ila anasoma.

Bi Tanga
Na masikio msisahau. Mjukuu wangu alikuwa anatoka usaha sikioni, watu wakisema ni utoto utaisha. Ukimwita kwa nyuma haitiki, wanasema jeuri. Mtoto hasikii tofauti ya "pa" na "ba" atasomaje? Mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kidume Og
Mnawadekeza tu. Sisi tulichapwa na tukajua kusoma.

Fundi Bomba
Waliochapwa wakaacha shule la tano hawapo humu kukujibu mkuu.

Ticha Mstaafu
Mama Wawili nimefundisha la kwanza miaka mingi, nikwambie ninachokijua. Tangu 2015 la kwanza na la pili wanakazania KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwenye kusoma ni ngazi, huwezi kuruka. Irabu kwanza, halafu silabi ba be bi bo bu, halafu ndio miambatano: mba, nda, nya, mwa, ng'o. Wengi wanakwama hapo kwenye miambatano na hakuna anayegundua kwa sababu darasa linaitikia kwa pamoja na yeye anafungua mdomo tu. Kwahiyo kaa naye, usimpe hadithi, mpe silabi zisizo na maana yoyote, "nyo", "mbe", "gwa", hizo hawezi kuzikisia. Ukiona anakwama ngazi fulani rudi hapohapo, hata kama ni kazi ya la kwanza, usione aibu. Muda mfupi kila siku unatosha, akianza kupiga miayo funga kitabu. Herufi aziandike kwa kidole kwenye sinia la mchanga au unga huku anazitamka. Na ukate kadi yenye dirisha, aone mstari mmoja tu mingine ifichike, kuna watoto ukurasa mzima unawachanganya.

Sasa kuna wale umefanya yote hayo, macho mazima, masikio mazima, bado "baba" anasoma "dada", leo anajua neno kesho halijui. Hapo inaweza kuwa disleksia. Huyo sio mvivu wala mzito, ubongo wake unachakata maandishi kivingine na mara nyingi inatembea kwenye ukoo, kwahiyo hilo la mama mkwe usilipuuze, ila usilifanye sababu ya kusubiri. Nenda kwa afisa elimu maalum wa halmashauri yenu, ulizia shule yenye kitengo au mwalimu aliyesomea elimu maalum, chuo cha ualimu wa elimu maalum Patandi, Arusha, wanatoka kila mwaka. Na tatizo liandikwe mapema, maana NECTA, baraza la mitihani, wanaongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwenye masomo mengine.

Mwana Mombasa
Huku Kenya tuna KISE, taasisi ya elimu maalum, pale Kasarani Nairobi, wanampima mtoto na wanakueleza shida iko wapi hasa. Wa dadangu alipitia huko, aliporudi shule walimu wakaanza kumsomea maswali kwa sauti, kumbe majibu alikuwa nayo.

Mangi Jr
English medium naipinga. Binti yetu hakujua kuunganisha silabi za Kiswahili, tukamuongezea lugha ngeni juu yake. Ada tumelipa, tukarudi palepale kwenye a e i o u.

Mama Wawili
Asanteni sana. Jana usiku nimemjaribu na silabi za Ticha, ba mpaka bu anapita fresh, nilipoandika "nya" akasema "na", "mbo" akasema "bo". Macho tunaenda wiki ijayo. Ticha shikamoo, hiyo kadi ya dirisha naikata ukubwa gani?

Ticha Mstaafu
Marahaba mwanangu. Dirisha liwe na urefu wa mstari wa kitabu chake, upana herufi zipumue kidogo. Boksi la dawa ya mswaki linatosha.