Naomba ushauri: wakata mbao wa Njombe wanaohamahama na dawa za VVU

Wakuu, habari za kazi. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 kuhusu kiwango cha wanaoishi na VVU uliiweka Njombe kwenye asilimia 12.7 kwa wenye miaka 15 na kuendelea, Kigoma 1.7, taifa zima 4.4. Wengi huisoma 12.7 kama kipimo cha maambukizi mapya. Sivyo. Dawa zinawaweka watu hai, kwa hiyo kiwango hubaki juu hata maambukizi mapya yakishuka. Ukigawa vitendanishi vya kupima VVU kwa asilimia hiyo pekee, utawapima tena wanaojijua tayari.

Kinachoniumiza ni kambi za mbao. Mtu anahamia msitu mwingine, kadi yake ya CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU) imebaki kwenye begi nyumbani. Kituo cha zamani kinamwandika mtoro, kipya kinamfungulia faili kama mgonjwa mpya. Takwimu zinaharibika kotekote na, kibaya zaidi, dozi inakatika, virusi vinapanda.

Dawa za miezi 6 zinasaidia, ila anayeanza tiba bado hapewi. Mlioko Iringa na Mbeya, huyu mnamfuataje? Vituo vinapigiana simu kabla hajahama, au mnaifuata kambi yenyewe? Na nani anabaki na orodha, mhudumu wa jamii au kituo?