Mrejesho: pasi kavu ya kushonea vipande vya kitenge
Niliuliza nichukue pasi ya mvuke au kavu. Asanteni wadau, nimechukua kavu: wati 1000, nzito kiasi, kitako kizima bila matundu. Maji yetu hapa Dodoma yana chumvi. Matundu ya pasi ya mvuke yangeziba na kutema uchafu kwenye kitambaa. Kwenye stifu ya gundi (ile ya kukazia kitambaa, inayoshikishwa kwa joto la pasi) ndiyo utaona raha yake, maana penye tundu gundi haipati moto sawasawa. Tandika kitambaa chepesi juu, kandamiza sekunde 10 hadi 15, inua, hamia pembeni. Usiburute: vipande vilivyokatwa mshazari vinavutika, kona hazikutani tena. Kunjo sugu, nyunyizia maji kidogo kwanza. Waya wake tu ndio mfupi, ekstensheni lazima.