Majirani wa Kiamunyi: leseni ya Baba Njeri

Mama Njeri: Majirani mko? Baba Njeri ameshikwa hapo Salgaa na pikap ya viazi ati leseni iliisha mwezi jana, askari anataka elfu tano saa hii ama gari ilale kituoni. Nimtumie??

Baba Kevo: Usitume hata shilingi mama!! Leseni kuisha faini ni elfu moja, iko kwa zile sheria za makosa madogo za 2016. Elfu tano inatoka wapi

Mama Njeri: Askari anasema ni sawa na kuendesha gari bila leseni ya hiyo gari

Mwalimu Chebet: Hapana, hiyo ndiyo ya elfu saba, ni kama mtu ako na leseni ya pikipiki anashika lori. Ya mzee si ni ya pikap?

Mama Njeri: Ni ya pikap mwalimu, hajalipia tu

Baba Kevo: Basi asibishane. Aseme pole pole "sawa afande, niandikie kosa twende kituoni". Dhamana inalipwa pale OB, kwa meza ya kitabu cha matukio, na unapewa risiti, sasa akitoa pesa hapo barabarani na kosa bado liko, akifika mbele kidogo asimamishwe na mwingine si ataanza upya?

Kiptoo: Alipie pia leseni eCitizen, ile tovuti ya serikali, kwa simu, kuna ya mwaka mmoja na ya miaka mitatu. Haifuti kosa la leo lakini kesho atakuwa sawa

Mama Brayo: Na wale korti imewasimamishia leseni na bado wanabeba watu? Mbona hao hawashikwi 😡

Mwalimu Chebet: Hao ni kesi ingine kabisa mama Brayo, huyo anaweza kufungwa. Na bima nyingi zinaandika wazi, dereva awe na leseni ama aliwahi kuwa nayo na awe hajazuiliwa na korti, kwa hivyo akigonga mtoto wa mtu ni nani atalipa hospitali? Mtu kama huyo mimi siwezi kumwombea msamaha kwa askari, hata akiwa ndugu yangu.

Mama Brayo: Kweli kabisa

Mama Njeri: Ameandikiwa!! Wako kituoni, risiti amepewa, korti ni Jumatatu. Asanteni sana jameni. Sasa viazi ndio shida, hataki kushika usukani tena leo

Baba Kevo: Amefanya vizuri. Kevo leseni yake iko sawa, nishamwambia apande matatu ya Salgaa, atafikisha hiyo mzigo sokoni. Mwambie mzee amngoje na funguo

Mama Njeri: 🙏🙏 Namwambia saa hii