Naitroksi ya wazamiaji inachanganywaje? Nina mitungi ya oksijeni, nauliza kabla sijajaribu

Fundi_Mwanjelwa:
Wakuu habari za jioni, ugonile kwa Wanyakyusa wenzangu. Mimi fundi wa kuchomelea hapa Mwanjelwa, mambo ya maji siyajui, ziwa lenyewe naliona nikienda msibani Kyela. Sasa mdogo wangu anafanya kazi kwenye duka la wazamiaji kule Nungwi, kaja likizo asubuhi mpaka jioni ni naitroksi naitroksi, eti hewa iliyoongezwa oksijeni, wageni wanailipia zaidi na wanakaa chini muda mrefu. Namuuliza mnachanganyaje, ananiambia yeye anabeba mitungi tu, kuchanganya kuna mtu wake na hata kusogea hapo haruhusiwi. Ndo nikawaza, oksijeni ninayo, mitungi miwili mirefu, geji ninazo, mipira ninayo, na kuna jamaa yangu Matema, kule Ziwa Nyasa, anataka kuleta kompresa ya kujazia mitungi ya kuzamia. Nikimuongezea oksijeni kidogo si hela hiyo? Na hiyo kidogo ni kiasi gani?

Mnyalu_Original:
Kamwene. Sisi huku Ipogolo tunazamia kwenye ulanzi tu. Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

Kasa_Mzee:
Fundi, hiyo kazi nimeifanya miaka sita pwani kabla sijarudi Tukuyu kulima parachichi, ngoja nikupe.

Hewa hii tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, iliyobaki karibu yote naitrojeni. Naitroksi ya kawaida madukani ni 32 au 36. Faida yake sio nguvu wala pumzi, ni kwamba naitrojeni imepungua kwahiyo inaingia mwilini taratibu zaidi, ndo maana mtu anakaa chini muda mrefu.

Njia ya kienyeji ambayo maduka mengi yameanza nayo ni kupima kwa presha. Chukua mtungi mtupu unaotaka uishie baa 200 (baa ni kipimo cha presha) ya naitroksi 32. Unatoa 21 kwenye 32 inabaki 11, unagawa kwa 79, unazidisha na 200, unapata kama baa 28. Basi unaingiza oksijeni tupu mpaka geji isome 28, halafu unajazia hewa ya kompresa mpaka 200. Ukitaka 36 oksijeni inakuwa baa 38. Mtungi ukiwa na mabaki ya jana hesabu inabadilika, ndo watu wanapokosea. Na ile baa 28 inaingizwa polepole kweli, baa 4 au 5 kwa dakika, unasimama na valvu mkononi unahesabu. Ukiifungulia kwa pupa gesi inajibana inapata moto palepale kwenye valvu, na moto ndani ya oksijeni tupu wewe fundi unaujua kuliko mimi.

Fundi_Mwanjelwa:
Naujua mkuu. Gereji moja nilipojifunzia dogo alifuta regyuleta ya oksijeni kwa tambara la oili, kufungua tu ikapiga mwanga, nyusi hana mpaka leo karibu.

Kasa_Mzee:
Sasa jibu la swali lako umelitoa mwenyewe. Mtungi wa kuzamia unaoingizwa oksijeni tupu unafunguliwa na kusafishwa maalumu, valvu yote, oringi, zile pete za kuzibia, zinabadilishwa zinawekwa za oksijeni, na grisi ya kawaida haigusi humo. Hata hewa ya kompresa inayofuata lazima ipite filta ya ziada, mvuke wa oili usifike. Mitungi yako ya kuchomelea sitakushauri kabisa, huwezi kujua kama asetilini haijawahi kurudi nyuma. Ya kuvuta inanunuliwa ya kuvuta.

Maduka makubwa yanakwepa shughuli hii. Wengine oksijeni wanaidondoshea kidogokidogo kwenye bomba la kuingizia hewa, inachanganyika kabla ya kompresa. Wengine wana utando wa nyuzi nyembamba kama nywele, hewa ikisukumwa humo oksijeni inapenya haraka kuliko naitrojeni, hakuna oksijeni tupu unayoshika. Zote mbili kawaida mwisho wake asilimia 40.

kijana_uyole:
Kwahiyo ukiwa na naitroksi unazama chini zaidi?

Kasa_Mzee:
Kinyume chake dogo! Oksijeni ikizidi presha inakuwa sumu, mtu anapata degedege humohumo majini. 32 mwisho mita 33 hivi, 36 mwisho 28. Ndo maana mzamiaji anapima oksijeni ya mtungi mwenyewe kwa mashine kabla hajaondoka dukani, anaandika kwenye mtungi asilimia, kina cha mwisho, tarehe na sahihi yake. Mimi nilikuwa simkabidhi mtu mtungi hajapima, hata awe mzungu mwenye vyeti begi zima.

Binti_wa_Matema:
Naongezea la huku kwetu. Hiyo mashine ya kupimia, sensa yake (kile kipande kinachohisi oksijeni) inasoma presha ya oksijeni, kwahiyo ukiiseti Matema kwenye mita 470 na kitu, ukaja nayo Mbeya mjini mita 1,700 bila kuiseti upya, hewa ya kawaida itakuonyesha kama 18. Utasema sensa imekufa kumbe ni mlima. Iseti palepale unapopimia.

La pili, mkizama ziwani msipande gari jioni ileile kurudi Mbeya. Ile barabara ya Tukuyu inakupandisha zaidi ya kilomita moja kwenda juu, na naitrojeni ya chini bado imo mwilini, ni kama umepanda ndege. Walau masaa 12 kama umezama mara moja, 18 kama umerudia. Naitroksi haifuti hilo. Laleni, samaki wapo.

Fundi_Mwanjelwa:
Ndaga fijo wote. Nimetoka stoo sasa hivi, nimepitisha kitambaa cheupe mdomoni mwa mpira wangu kikatoka cheusi tii. Jamaa wa Matema nimempigia alete kompresa ajaze hewa ya kawaida kwanza, mimi nitamchomelea stendi ya kuwekea mitungi.

Mnyalu_Original:
Stendi nayo usiipake grisi.