Naomba ushauri: mahesabu ya biashara ya mtandaoni yananichanganya

Habari zenu ndugu zangu, niko Tanga hapa Ngamiani, nauza khanga na madera kwa Whatsapp na Insta, mwaka wa pili sasa. Wateja wapo alhamdulillah, shida ni mahesabu. Hela zote zinaingia laini moja ya M-Pesa, humohumo nalipia luku, ada ya mtoto, mama akiumwa natoa humohumo, mwisho wa mwezi sijui faida ni ipi na mtaji ni upi.

Mfano juzi nimeuza doti 12 kwa 15,000, nikaona 180,000 nikafurahi, kumbe nimenunua 11,500 kila moja, halafu toa mifuko, bando, makato ya kutolea na nauli ya basi kwa mizigo ya Dar, inabaki kidogo mno. Na wale wanaotanguliza nusu ndo wananivuruga kabisa, hiyo niandike mauzo au deni?

Daftari ninalo ila nikipata oda nyingi nasahau kuandika. Nataka nikate TIN (namba ya mlipakodi), na TRA, wale wa kodi, ukiwa na kumbukumbu wanakukadiria kodi kwa mauzo yako halisi, kwahiyo nataka nianze vizuri. Nifungue laini ya pili ya biashara tu? Excel ya kwenye simu inatosha au daftari? Na mimi mwenyewe nijilipe vipi? Mwenye uzoefu anisaidie jamani